Nafasi moja ya ombi la mapema: Bowdoin, Swarthmore au Macalester?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka jana hapa Kwale nikapata A-. Nataka kusomea mambo ya bahari. Novemba hii natuma ombi la mapema Marekani, lile linalokufunga kwa chuo kimoja, na nimebakiza vyuo vitatu. Bowdoin, kwa sababu kina kituo chake cha utafiti ufukweni, na tangu nianze kujitolea kwenye mikoko ya Gazi nimekuwa nikitaka kujua kwa nini nyasi bahari hufa sehemu moja na kumea nyingine. Swarthmore, kwa sababu anayenishauri anasema kiko juu zaidi kwenye orodha ya vyuo bora. Macalester, kwa sababu mjomba anaishi Minneapolis. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama anauza leso na vitenge. Hatuwezi kulipa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka. Baba mwenyewe anauliza mbona vyuo vyote hivi hajawahi kuvisikia. Nichague kipi?*

Marahaba mwanangu. Nitakupa jibu langu, lakini kwanza tuelewane unaweka saini kwenye nini, kwa sababu baba yako naye ataiweka, na mwalimu mkuu wa shule uliyotoka pia.

Ombi hili, ambalo kwenye fomu utaliona limefupishwa ED, ni ahadi. Unakiambia chuo kimoja tu kwamba kikikuchukua utakwenda, na kwamba maombi yako mengine yote utayaondoa. Fomu hutumwa mwanzoni au katikati ya Novemba na jibu hutoka katikati ya Desemba. Vyuo vingi, Swarthmore na Macalester vikiwemo, vina pia duru ya pili inayofunga vilevile: unatuma mwanzoni mwa Januari, unajibiwa Februari. Watu wengi huisahau duru hii ya pili, na kwako wewe ina maana kubwa. Nitaifikia.

Mlango wa kutokea ni mmoja. Kama msaada wa fedha waliokupa hautoshi kuiwezesha familia yako kukusomesha, chuo kinakufungua. Hakuna mahakama itakayomfuata mzee Kwale. Lakini ukijitoa kwa sababu umependa kwingine, umevunja neno lako, na shule yako ndiyo itakayobeba jina hilo mwakani wadogo zako watakapoomba.

Sasa fedha, maana hapa ndipo nimeona watoto wazuri sana wakikwama. Gharama kamili ya mwaka katika vyuo vya aina hii, yaani masomo, bweni na chakula, imepita dola 80,000. Usiitazame sana namba hiyo, kwa sababu si wewe utakayeilipa. Tazama mambo mawili: je, chuo kinakidhi uhitaji wote wa mwanafunzi wa kigeni kinayemchukua? Na je, uhitaji wako huhesabiwa wakati wa kuamua kukuchukua au kukuacha?

Kwa swali la kwanza, vyuo vyako vitatu vyote vinakidhi. Umechuja vizuri, na usiongeze chuo kisichokidhi kwenye orodha hii hata kikikupa barua tamu namna gani. "Ufadhili wa dola 30,000" husikika kama utajiri mpaka ukumbuke kwamba zimebaki 50,000.

Kwa swali la pili vinaachana. Bowdoin kilitangaza mwaka 2022 kwamba hakitaangalia uwezo wa kifedha wa mwombaji yeyote, awe Mmarekani au mgeni. Amherst kilikuwa kimeshafanya hivyo tangu 2008. Vyuo vya namna hiyo kwa wageni ni vichache mno Marekani nzima. Swarthmore na Macalester vinatazama: kwa mgeni, uhitaji wake ni sehemu ya uamuzi, kwa sababu mfuko wa wageni una kikomo na kila anayechukuliwa anapunguza kilichobaki.

Hapo ndipo mshauri mzuri atakuambia hivi: kama Bowdoin hakihesabu uhitaji wako, kwa nini upoteze ombi la mapema huko? Litumie Swarthmore au Macalester, ujaribu kuingia kabla mfuko haujaliwa, na ukikosa, Bowdoin uombe Januari kwa njia ya kawaida. Hoja hiyo ina akili, na kwa mtoto mwingine ningeikubali. Vyuo hivi hujaza sehemu kubwa ya darasa, mara nyingi karibu nusu, kupitia maombi ya mapema. Anayesubiri majibu ya kawaida ya Aprili akihitaji kila kitu anakuta meza imeshapungua.

Lakini hoja hiyo ina pengo. Inadhani vyuo vitatu vina uzito sawa moyoni mwako, na barua yako inasema vingine. Isome tena. Bowdoin umekieleza kwa kazi unayotaka kuifanya kwa mikono yako. Swarthmore umekieleza kwa orodha, na orodha yenyewe umeletewa na mtu. Macalester umekieleza kwa mjomba. Mjomba nitamzungumzia, kwa sababu sababu hiyo si ndogo kama watu wa mitandaoni wanavyodhani. Lakini ombi linalofunga ni la chuo ambacho kama vitatu vyote vingekuita Aprili kwa fedha ileile, ungekwenda bila kugeuka nyuma. Jiulize swali hilo ukiwa peke yako, kisha liulize tena baada ya wiki mbili.

Nikueleze Bowdoin jinsi ninavyokijua, ili usikipende kwa picha tu. Kiko Brunswick, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa. Kilianzishwa 1794, na wanafunzi wake hawafiki 2,000. Kina somo kuu linalounganisha sayansi ya dunia na bahari, na kituo cha Schiller kwenye kisiwa cha Orr's, mjini Harpswell, safari fupi ya gari kutoka chuoni, chenye maabara inayovuta maji ya bahari moja kwa moja. Kina pia kituo cha utafiti kwenye kisiwa cha Kent, katika Ghuba ya Fundy upande wa Kanada, ambako wanafunzi hukaa majira ya joto wakifuatilia ndege wa baharini.

Mikoko hutaiona. Bahari ile ni ya baridi, ya miamba na kambakoche. Lakini nyasi bahari zipo, na Ghuba ya Maine ni miongoni mwa sehemu za bahari zinazopata joto kwa kasi kubwa duniani. Wavuvi wa kule wanajiuliza samaki wao wamehamia wapi, kama wanavyojiuliza wavuvi wa Msambweni na Shimoni. Mtu aliyejifunza kupima mabadiliko hayo Maine anaweza kurudi akaingia KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi pale Mombasa, akiwa na maswali ambayo wenzake waliosoma bahari ya joto peke yake hawajayafikiria. Kwa nia uliyonayo, sioni chuo kingine kwenye orodha yako kinachokifikia.

Ugumu wake pia uujue. Kwa kuwa hakiangalii uwezo wa fedha, maelfu ya vijana werevu wa dunia wasio na pesa wanakimbilia hapo. Usidanganywe na asilimia ya waliochukuliwa mapema kuwa kubwa kuliko ya kawaida. Ndani ya ile asilimia mna wanamichezo ambao makocha walishawataka, na wao karibu wote huingia kwa mlango huo. Ukiwatoa, tofauti inayobaki ni ndogo. Ombi la mapema litakusaidia kidogo. Halitageuza ombi dhaifu kuwa zuri.

Swarthmore sitakisema vibaya, kwa sababu ni chuo kikubwa kwa akili ingawa ni kidogo kwa watu. Kiko nje kidogo ya Philadelphia, na kituo cha treni kipo chini ya kilima cha chuo. Kilianzishwa na Wakweka mwaka 1864. Kina uhandisi, jambo adimu kwa chuo cha sanaa huria (chuo kidogo cha masomo mapana ya shahada ya kwanza), na mpango wake wa heshima (honors), ulioanza 1922, huleta watahini kutoka nje ya chuo kuja kuwahoji wanafunzi ana kwa ana. Muhula wa kwanza alama hazihesabiwi, unafaulu au hufaulu tu, ili mtu azoee. Mtoto anayetamani mijadala mizito mchana na usiku atafurahi sana. Ungekuwa umeniandikia kuhusu uhandisi au hisabati, jibu langu lingekuwa jingine. Lakini kukichagua kwa sababu kimepita kingine nafasi kadhaa kwenye orodha ya gazeti, hapana. Nafasi hizo hubadilika kila mwaka, na hakuna mwajiri wala profesa wa shahada ya uzamili atakayekuuliza.

Macalester ndicho ninachokuomba ukitazame upya kwa sababu zake chenyewe. Kiko St. Paul, mji uliopakana na Minneapolis, na eneo lile lina Wakenya na Wasomali wengi. Mjomba kuwa karibu maana yake una pa kwenda wakati wa likizo mabweni yanapofungwa, una mtu wa kukupeleka kununua koti la baridi, una nafasi yako mezani siku ya Idi. Kwa msichana wa miaka 19 anayeishi mbali na kwao mara ya kwanza, hayo yana uzito kuliko vitabu vingi. Chuo chenyewe kimejengwa juu ya mambo ya kimataifa. Bendera ya Umoja wa Mataifa hupepea pale tangu 1950. Upungufu wake kwako ni mmoja na ni mkubwa: bahari iko mbali mno. Wana eneo lao la utafiti kando ya mto Mississippi, na muhula mmoja unaweza kwenda kusoma kwingine penye bahari, ila hiyo ni miezi michache kati ya miaka minne.

Kwa hiyo jibu langu: Novemba tuma Bowdoin. Wakikukataa katikati ya Desemba, au wakikusogeza kwenye kundi la kawaida, umefunguliwa, na Januari unaweza kutuma Macalester kwa duru ya pili inayofunga. Kwa mpangilio huo unaitumia ile hoja ya mfuko wa wageni bila kuitoa kafara ndoto yako. Swarthmore kibaki kwenye njia ya kawaida. Sharti ni kwamba insha za ombi la Macalester ziwe zimekamilika kabla ya majibu ya Desemba. Mtu aliyekataliwa Jumatano hawezi kuandika insha nzuri Alhamisi, na kati ya jibu hilo na siku ya mwisho ya kutuma, mwanzoni mwa Januari, kuna wiki mbili au tatu tu.

Kabla ya kutuma, kuna jambo ambalo kama halijakaa sawa, jibu langu linafutika: dola 2,000. Chuo kinaposema kinakidhi uhitaji wote, uhitaji huo ni ule kilioukokotoa chenyewe, kupitia fomu ya hali ya fedha ya familia iitwayo CSS, ya shirika la College Board, na hati mtakazotuma. Fomu ile ilitengenezwa kwa familia za Marekani. Haijui kwamba mshahara wa baba unakatwa mkopo wa SACCO kabla haujafika mkononi, wala kwamba nyumba yenu inalipa karo ya watoto wa marehemu shangazi. Haijui kwamba shamba lenye hati ya babu haliwezi kuuzwa bila ukoo mzima kukaa kikao. Mkijaza namba tupu, itaonekana mna zaidi ya mlicho nacho.

Kwa hiyo kaeni chini, wewe na wazazi wote wawili, na slipu za mshahara za baba. Kwa biashara ya mama, chukueni taarifa ya M-Pesa ya miezi kumi na miwili, mtoe gharama ya kununua mzigo ili ibaki faida halisi. Andikeni barua ya ukurasa mmoja inayoeleza nani wanategemea nyumba hiyo na kwa kiasi gani. Semeni kweli yote, hata ile inayowafanya muonekane mna afadhali kidogo. Kisha uandikie ofisi ya msaada wa fedha ya Bowdoin mwezi Septemba, uwaulize kama wanaweza kukupa makisio ya awali kabla hujajifunga, na vitu gani familia hubaki ikilipa: nauli ya ndege, bima ya afya, vitabu. Vikokotoo vya gharama vilivyo kwenye tovuti za vyuo visikutishe wala visikufariji, kwa kuwa vingi vimewekewa kanuni za raia wa Marekani.

Vyuo huhesabu pia kwamba mwanafunzi atachangia kwa kazi ndogo chuoni, na viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Hiyo ni fedha yako ya matumizi. Usimwahidi mdogo wako karo kutoka humo kabla hujafika. Na omba msaada sasa hivi, kwenye ombi lenyewe. Usikubali ushauri wa kuacha kuomba ili "uonekane unajiweza". Vyuo vingi havimruhusu mgeni asiyeomba mwanzoni kuja kuomba baadaye.

Kuhusu karatasi, faida yako kubwa ni kwamba matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, KCSE, unayo mkononi. Wenzako walio darasani watakuwa kwenye mtihani wiki ileile ya kutuma maombi. Hasara yake ni kwamba umeshaondoka shuleni, na walimu wako Oktoba na Novemba wamezama kwenye usimamizi wa mitihani. Nenda Agosti au Septemba, kwa miguu yako, usitume ujumbe. Mpelekee mwalimu wa baiolojia ukurasa mmoja unaomkumbusha ulifanya nini darasani kwake na unafanya nini Gazi sasa. Mweleze mwalimu mkuu ile ahadi anayoisaini ina maana gani, maana huenda hajawahi kuiona.

SAT, ule mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, isikunyime usingizi. Bowdoin kiliacha kuulazimisha mtihani wa aina hiyo tangu 1969, kabla ya vyuo vingine vyote vya daraja lake. Ukipata alama za kukusaidia, tuma. La sivyo, nguvu hizo ziweke kwenye insha. Ada za kutuma maombi zikikulemea, omba msamaha wa ada kwa barua ya kawaida; ofisi hizo zimezoea. Ofisi ya EducationUSA ya ubalozi wa Marekani Nairobi hutoa ushauri bila malipo na huwezi kukosa kitu kwa kuwaandikia. Na nafasi yako ya chuo kikuu cha Kenya kupitia KUCCPS usiiachie. Ahadi ya ombi la mapema haiigusi mpaka siku utakapokubaliwa na kuthibitisha kwenda, na chuo kikuu cha hapa nyumbani si adhabu.

Najua hukuuliza kuhusu dini, lakini nadhani mama anauliza. Portland, mji mkubwa ulio karibu na Brunswick, na Lewiston ulio upande wa pili, vina Wasomali, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, kwa hiyo utasikia Kiswahili sokoni na utapata msikiti. Ramadhani za miaka hii zinaangukia majira ya baridi, mchana wa kule ni mfupi, na saumu itakuwa nyepesi kwa saa kuliko uliyozoea. Hata hivyo usitegemee maneno yangu. Waandikie wanafunzi Waislamu walioko chuoni sasa, uwaulize daku wanaipataje, nyama ya halali ipo siku zote au mara moja kwa wiki, na msichana mwenye hijabu anatazamwaje mjini. Watakujibu kwa ukweli ambao ofisi ya udahili haiwezi kukuandikia.

Sasa baba. Swali lake ni la haki, na usimjibu kwa kumwonyesha orodha. Mwambie kwamba Wangari Maathai hakuanzia chuo kikuu kilichotajwa redioni. Alisoma baiolojia kwenye chuo kidogo cha Wakatoliki mjini Atchison, Kansas, akahitimu 1964, na alifika huko kwa ule mpango wa kupeleka wanafunzi Marekani uliohusishwa na Tom Mboya. Mwambie Kofi Annan alihitimu Macalester mwaka 1961. Na kwa kuwa ni mwalimu, mweleze jambo ambalo mwalimu atalielewa upesi kuliko mtu yeyote: katika vyuo hivi madarasa ni madogo, hakuna wanafunzi wa uzamili wa kumwachia profesa kazi ya kufundisha, na aliyeandika utafiti ndiye anayesahihisha ripoti yako ya maabara na kukuita ofisini akuulize kwa nini umekosea. Mtoto wa shahada ya kwanza anashika vifaa ambavyo kwenye chuo kikubwa vingeshikwa na wa uzamivu.

Mkae naye mkiwa na fomu ya ahadi mbele yenu, umsomee kwa Kiswahili mstari kwa mstari, mama akiwepo. Akiwa na wasiwasi juu ya fungu lolote, niandikie fungu hilo lilivyo na makisio ya fedha mliyopewa na Bowdoin, nami nitawajibu kabla ya Novemba kuingia.